Tulijibu kwa Mkono

Nilikwenda matangani kwa Salma Mbarouk kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Wenzangu waliokaa jamvini wengine walikuja kulia na wengine walikuja kula, mimi nilikuja kuhakikisha. Nilivaa baibui kama wote, nikaketi karibu na mlango wa uani, kwa sababu tangu mwaka ule sikai mahali nisipouona mlango. Kina mama walikuwa wanamsifu marehemu. "Mtu wa watu yule," mmoja akasema, "mzigo wake ukifika tu, hamsahau jirani." Mwingine akaitikia, "Na watoto alivyowapenda, jamani." Niliposikia hilo la watoto nikaisukuma kando sahani ya wali. Baadaye kidogo akapita mumewe, Hemedi Shaweji, kutushukuru kwa kuja. Ndevu zimekuwa nyeupe, paji la uso limeota sugu ya kusujudu. Aliponifikia akasita. "Dada, sisi tunafahamiana?" Nikamwambia, "Tulikuwa wote Guangzhou." "Guangzhou tulikuwa wengi," akasema, akanipita. Ni kweli, tulikuwa wengi. Lakini ndani ya nyumba ile, kufuli likishafungwa kwa nje, tulikuwa wanne tu, mimi na watoto watatu. Sikusoma mimi, niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema. Ila majina nayajua na ninayaandika, maana wao langu walilikana mbele ya polisi.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mwenye duka Kariakoo alikuwa anaota China. Watu walikuwa wanapanda ndege kama wanavyokwenda sokoni, wanarudi na kontena za viatu, wanajenga. Salma na Hemedi walikuwa wananunua nguo na viatu soko la Zhanxi, kule Guangzhou, karibu na stesheni ya treni, na walikuwa na binti mmoja mdogo, Rukia, hajafika miaka minne. Salma aliniambia, "Njoo unilelee tu, utakula, utaona dunia." Dunia niliiona kutoka uwanja wa ndege mpaka mlangoni kwake. Tulipotoka tu kwenye ndege alinyoosha kiganja akasema, "Lete pasipoti nikuwekee, kule wezi wengi." Nikampa. Viza yangu ilikuwa ya muda mfupi, ikaisha, haikuongezwa. Nikamuuliza, "Dada Salma, vipi ile pasipoti yangu?" Akacheka. Alikuwa amejifunza maneno machache ya Kichina ya sokoni, na alilolipenda ni lile wanalokujibu wenye maduka wakiwa hawataki kukuuzia: meiyou, hakuna. "Meiyou," akaniambia, akanipigapiga begani kama vile tumetaniana. Kuanzia siku ile kila nilipouliza jibu lilikuwa hilohilo, na mimi nikawa mtu asiyetakiwa kuonekana.

Nyumba yenyewe ilikuwa juu sana ghorofani, vyumba viwili na sebule iliyojaa mabunda ya nguo mpaka kwenye dari. Ilipangishwa kwa jina la mtu mwingine aliyekwisharudi kwao. Polisi walikuwa wanapita majengo yale kukagua karatasi za wageni, wanagonga mlango mmoja baada ya mwingine, na watu wetu waliwapa polisi hao jina la wazee. Hemedi ndiye aliyebuni dawa. Kila asubuhi wakitoka kwenda sokoni alikuwa anavuta geti la chuma la mlangoni na kulifunga kwa kufuli kubwa la nje, ili anayepita aone kwamba hakuna mtu. "Mlango wenye kufuli haugongwi," alikuwa akisema, anafurahi na akili yake. Na kweli haukuwa unagongwa. Lakini nyumba isiyo na watu haina sauti, wala harufu. Kwa hiyo mchana hatukuwa tunapika. Nilikuwa ninapika alfajiri, wali na samaki wakavu, kisha tunakula wa baridi, na kitunguu hakikuwa kinakaangwa kabisa baada ya wao kutoka, maana kitunguu kinapita chini ya mlango kinakwenda kumsalimia mlinzi wa jengo. Choo hatukuwa tunavuta, tunamwaga maji polepole kwa kopo. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Watoto walikuwa wanavaa soksi nene za kiume, za kutoka kwenye mzigo, zinawafika magotini, ili sakafu isisikike kwa jirani wa chini. Ukitaka kukohoa unakohoa ndani ya mto.

Nimesema watoto watatu. Wengine wawili walikuwa mabinti wa mshirika wa Salma, tukimwita Mama Zai, aliyekuwa ananunua vitu vya kuchezea vya watoto huko mtaa wa Yide Lu na kuvipeleka Dar. Alikuwa anawashusha wanawe kwetu asubuhi, Zaituni wa miaka sita hivi na mdogo wake Mwanaisha. Mama yao alikuwa anauza wanasesere kwa magunia, na wao hawakuwa na hata mmoja, kwa sababu vile vya Yide Lu vyote vinalia, ukivibana vinaimba. Nilipofika niliwakuta watoto hawa wametulia mno. Wamekaa mbele ya televisheni isiyo na sauti, vinywa wazi, vichwa vinaegemea upande. Nikajisemea, watoto wa huku wana adabu. Siku ya pili nikaona adabu yenyewe inatoka kwenye chupa. Salma alikuwa anawapanga asubuhi kabla ya kutoka, anawapa kijiko cha dawa ya mafua, ile tamu ya rangi ya waridi inayolaza, na mimi akaniachia chupa niwape tena mchana. "Hawana mafua," nikamwambia. "Watayapata," akasema. "Wewe wape. Mtoto aliyelala hapigi kelele."

Nikawapa kama nilivyoambiwa. Mchana mmoja Rukia akalala akapitiliza, nikamtikisa hakuamka. Nikamwita sikioni, nikampangusa uso kwa maji, kichwa kinarudi nyuma kama cha kuku aliyechinjwa. Nikasimama mlangoni nikashika geti, ile baridi ya chuma naikumbuka mpaka leo, na kufuli liko upande wa pili. Nikipiga kelele mlinzi atakuja, na akija wazee watakuja, na nisipopiga kelele mtoto atakufa mikononi mwangu. Sikupiga kelele. Nilikaa chini nimemlalisha mapajani, nimeweka shavu langu puani kwake, nangojea ule upepo mdogo, unakuja, unakawia, unakuja. Nikawa naongea naye tu, sijui kwa nini, labda nilikuwa najiongelesha mwenyewe ili nisipagawe. Nikaanza hadithi ya sungura na fisi, ya kwanza iliyonijia, kwa sauti ya chini kama mtu anayesoma dua. Zaituni na Mwanaisha wakatambaa na soksi zao wakaja wakakaa. Nilipokuwa katikati nikanyamaza kumsikiliza Rukia pumzi, na Zaituni akanivuta gauni. "Halafu?" akaniuliza. Hilo ndilo neno la kwanza nililolisikia kwake siku nzima. Na jua lilipoanza kupungua, Rukia akafumbua macho.

Jioni nikamwambia Salma sitawapa tena. Hemedi alikuwa anakula, akacheka na tonge mdomoni. "Sasa huyu ndiye laobani wa nyumba," akasema, maana laobani ni bosi kwa lugha ya soko. Nikasema nitawatuliza kwa hadithi. Salma akaniangalia kama vile nimesema nitawatuliza kwa karatasi. "Hadithi?" akasema. "Watoto wa leo hao, wana televisheni hawaitaki, wewe utawaletea mambo ya shamba?" Kisha akaniwekea sharti, na hilo sharti ndilo nililoishi nalo mwaka mzima. Alisema, "Nikisikia mlinzi amenilalamikia hata mara moja kwamba humu mna sauti, dawa inarudi, na nitawapa mwenyewe kabla sijatoka." Akaiweka chupa juu ya kabati, mahali ninapoiona. Yaani mtoto akicheka tu, kijiko.

Ubaya ni kwamba hadithi zetu zinataka kelele. Ukisema paukwa, watu wote wanakujibu pakawa, wakubwa kwa wadogo, na ukijibiwa kwa unyonge unarudia mpaka nyumba itikisike. Asiyejibu hasimuliwi. Ndivyo nilivyolelewa, na sikujua namna nyingine ya kuanza. Nikafikiri kutwa nzima. Kesho yake nikawakalisha kitandani, mablanketi mabegani, nikawaambia humu kwetu paukwa inajibiwa kwa mkono. Nikisema, kwa midomo tu, unanyoosha mkono, unafunga ngumi, unafungua vidole vyote kama mtu anayerusha mchanga. Zaituni akashika palepale. Mwanaisha akawa anafungua mikono yote miwili. Kucheka tulikuwa tunacheka kwa kutikisa mabega. Kuogopa tulikuwa tunaogopa kwa kubana mto. Zaituni akaniuliza mara moja, "Dada, mama anasema ukisimuliwa hadithi mchana unaota mkia. Sasa hivi ni usiku?" Nikatazama mapazia mazito yale, na taa ya manjano, nikamwambia, "Humu ndani ni usiku." Akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu nilijua anayekaa usiku, mchana kutwa na usiku kucha, ni maiti.

Hadithi nilizokuja nazo ziliisha. Nikaanza kuzishona upya kwa vitu walivyovijua. Sungura akawa anakaa ghorofani, anapanda lifti, anabonyeza namba kwa sikio. Fisi akawa mlinzi wa jengo, ananusa chini ya milango. Nilikuwa nawapa kazi, nani atamwambia sungura ajifiche wapi, nao wananinong'oneza sikioni mmoja mmoja. Siku hizi napita kwenye chekechea ya mtaani kwetu naona wamewatundikia watoto televisheni ukutani, watoto wametulia, na mwalimu anajisifia kwamba wametulia. Mimi utulivu wa watoto naujua. Unaniogopesha. Televisheni inaongea yenyewe, haina haja na wewe, ukilala inaendelea. Mtu anayekusimulia anakutazama machoni, anakuuliza, anangoja. Mtoto anajua kuna mtu anangoja jibu lake, na hapo ndipo kichwa kinapoamka. Nilipofika, Zaituni alikuwa anasema maneno mawili matatu kutwa. Baada ya miezi kadhaa alikuwa ananirekebisha, "Dada, jana sungura alipanda ngazi, lifti ilikuwa mbovu." Sikuhitaji mtu wa kunifundisha kwamba mtoto yule amepona.

Rukia ndiye aliyenitia hofu. Hakuwa anasema kitu, hata mama. Salma alikuwa amepata jibu la hilo kama alivyopata la mafua, "Anakusanya, atasema siku moja." Lakini mimi niliona jinsi anavyokaa kwenye hadithi. Hakuwa anafanya mkono. Wenzake wanafungua vidole, yeye ananitazama mdomo. Nilikuwa nasema paukwa, namngojea yeye kidogo zaidi ya wenzake, na midomo yake inasogea, kisha inafunga. Nilikuwa nataka sana lile neno litoke. Na nilikuwa naliogopa. Kwa sababu mtoto ambaye hajawahi kusema hajui kunong'ona. Likitoka litatoka lote.

Ilikuwa asubuhi ya msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, wanunuzi wamejaa mjini, ukaguzi ulikuwa umezidi. Simu ya Hemedi ikalia akiwa bado anavaa viatu. Nilimsikia anasema, "Wameingia jengo lipi? Hili? Wako ghorofa ya ngapi?" Kisha akamwambia Salma, hakunigeukia mimi, "Chukua mkoba. Pasipoti zote." Nilisimama na sufuria mkononi. Nikasema, "Kaka Hemedi, na sisi?" Akasema, "Nyinyi mko ndani ya kufuli. Nani atawagonga?" Salma alikuwa kwenye kizingiti tayari, kilemba hakijakaa. Alimtazama Rukia aliyekuwa amekaa chini na soksi zake, nikaona kama anataka kuinama amchukue. Hemedi akasema, "Ukishuka na mtoto utasimamishwa." Akaacha. Geti likavutwa, kufuli likalia. Hawakungoja lifti, walishuka kwa ngazi, nikasikia viatu vyao vinapungua.

Wale mabinti wa Mama Zai walikuwa wameshaletwa. Nikawachukua wote watatu mpaka chumba cha ndani, nyuma ya mabunda, tukakaa kwenye sakafu. Nikasikia milango. Wanagonga ngumi tatu, wanasema, mlango unafunguliwa, maongezi, kimya, kisha mwingine, karibu zaidi. Mwanaisha akaanza kukunja uso, ule mkunjo wa kabla ya kilio. Nikamziba mdomo kwa kiganja na machozi yake yakapita kati ya vidole vyangu. Sikuwa na dawa, sikuwa na pipi, sikuwa na mlango. Nilikuwa na kitu kimoja tu. Nikawatazama machoni nikasema, kwa midomo tu, paukwa. Zaituni akafungua vidole. Mwanaisha akasitisha kilio katikati, mazoea hayo, akanyoosha mikono yake miwili akafungua. Viatu vilikuwa vimefika mlangoni kwetu. Nilimsikia mmoja anagusa kufuli, linagonga chuma, kisha wanaongea, na sauti zao zikaanza kuondoka kuelekea mlango unaofuata. Walikuwa wameshatupita.

"Pakawa," Rukia akasema.

Hakunong'ona. Alisema kama anavyotakiwa mtu kujibu, kifua kizima, na akanitazama akingojea hadithi yake. Sijui nieleze vipi. Nilijua tumekwisha, na wakati uleule kitu ndani yangu kilikuwa kinashangilia kama kwenye harusi. Viatu vilisimama. Vikarudi. Naye Rukia, kwa kuwa nilikuwa sijaendelea, akadhani sikusikia. Akarudia, kwa nguvu zaidi.

Walileta mkasi wa kukatia chuma wakakata kufuli. Waliingia wamejiandaa kukuta wezi, wakakuta mwanamke na watoto wenye soksi za wanaume. Kulikuwa na askari mmoja wa kike, alilitazama kufuli lililokatwa, akatutazama sisi, akasema kitu kwa wenzake kwa hasira ambayo haikutulenga sisi. Akafungua pazia. Watoto wakaziba macho.

Kituoni walitukalisha kwenye benchi la korido. Mama Zai akaja kwanza, akawabeba wanawe analia, hakunisemesha. Kisha wakaja Salma na Hemedi, kwa sababu ya Rukia hawakuwa na njia. Mkalimani akamuuliza Salma mimi ni nani. Rukia alikuwa amenishika gauni, anarudia neno lake, pakawa, pakawa, sasa kwa kulia. Salma akageuka. "Anasema?" akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, sauti imemtoka ndogo. "Huyu anasema?" Nikamwambia, "Anasema, dada. Anangoja kujibiwa." Nilimwona midomo inamcheza. Nikadhani sasa ataniokoa. Hemedi akamgusa kiwiko. Salma akamgeukia mkalimani akasema, "Simjui mwanamke huyu. Alikuwa mtumishi wa Mkongo mmoja, ameshasafiri. Tulimpa tu mahali pa kulala." Na pasipoti yake? mkalimani akauliza. Akatikisa kichwa. "Meiyou." Safari hii hakucheka. Akamnyanyua Rukia, vidole vya mtoto vikatoka kwenye gauni langu kimoja kimoja.

Nilifungwa chumba kimoja na wanawake wa mataifa mengine mpaka ubalozi ulipothibitisha kwamba mimi ni mtu na nina kwetu, nikarudishwa na mfuko wa plastiki. Kule ndani nilikuwa ninaogopa jambo moja kuliko kufungwa. Nilikuwa najiuliza kama ile chupa imeshushwa kabatini.

Sasa rudi nami matangani. Nilikuwa nimenyanyuka kuondoka, nimehakikisha, imetosha. Nikapita kwenye chumba cha uani na mlango ulikuwa umesindikwa. Ndani kulikuwa na binti amekaa kitandani na kitoto chake, anambembeleza katika zile kelele za msiba. Nilimjua kwa namna anavyotazama mdomo wa mtu. Nikasimama. Akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Paukwa." Kile kitoto kikanyoosha mkono, kikafunga ngumi, kikafungua vidole vyote kama kinarusha mchanga. Halafu akaanza, na sungura wake alikuwa anapanda lifti.

Nikashika fremu ya mlango. Aliponiona akajitanda vizuri. "Karibu mama, samahani, namlaza huyu." Hakunijua. Nikamuuliza, "Mbona anajibu kwa mkono?" Akanishangaa. "Ndivyo inavyojibiwa, mama. Si kila mtu anajibu hivyo?" "Nani alikufundisha?" Akafikiri. "Hakuna aliyenifundisha. Nimekuwa nayo tu. Marehemu mama hakuwa mtu wa hadithi."

Maneno yote niliyokuwa nimeyabeba kwa miaka yote ile, ya kufuli, ya chupa, ya Hemedi Shaweji anayepokea salamu za rambirambi pale nje, yalinijaa mdomoni. Nikatazama nyuma yangu. Uani kulikuwa na jua, masufuria yanagongana, mtu anakaanga vitunguu, na watoto wa mtaani wanakimbizana kati ya viti hakuna anayewanyamazisha. Nikausukuma mlango mpaka ukagusa ukuta. Nikakaa kitandani, nikamwinamia yule mdogo, nikamwambia, "Paukwa."

Akanyoosha mkono.

"Hapana," nikasema. "Hapa mlango uko wazi. Nijibu kwa sauti, nikusikie."